Muulize Aliyehama

"Siku tukihama, tutatoka na nini?"

Katibu aliniuliza swali hilo nikiwa nimesimama mbele ya kamati nzima, kompyuta yangu imeunganishwa na televisheni tuliyoazima kanisani. Nilikuwa nimekuja na jedwali la rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu, likilinganisha majukwaa matatu ambayo tungeweza kujengea tovuti ya ushirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya usalama, ya kasi, ya lugha, ya simu ndogo zisizo na nafasi. Hilo la kuhama halikuwa kwenye jedwali. Nikasema neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa peke yangu naona haya.

"Hatutahama, Katibu."

Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Haya, endelea," na nusu saa iliyofuata sikusikia hata nilichokuwa nikisema mwenyewe.

Ushirika ulikuwa wa mafundi wa Kibera na Kawangware: maseremala, washonaji, watengeneza makochi, wachomeleaji wa milango na mageti. Walitaka tovuti kubwa, si ukurasa wa kupamba. Kila fundi awe na duka lake humo, mteja aliyeketi kwake Kilimani achague mlango, aweke vipimo, afuate kazi yake hadi ifike, na vijana waombe humo nafasi za kujifunza ufundi. Mfadhili alikuwa ametoa pesa za kujenga mara moja tu. Tukichagua vibaya, majina yote ya wateja, ambayo ndiyo mali pekee ya fundi asiye na mlango wa duka, yangekuwa ndani ya nyumba mbaya. Na mimi nilikuwa nimeajiriwa kwa miezi mitatu ya majaribio, kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuoni, kwa sababu hiyo hasa: kuchagua.

Katibu hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mshonaji wa sare za shule pale Laini Saba, Kibera, hatua chache kutoka kwenye reli, na alikuwa na tabia ya kuzungumza akiwa na pini nne au tano kati ya midomo. Watu walijifunza kumsikiliza kwa makini, maana hakurudia. Ukimsalimu "Sasa, Katibu?" hakujibu "poa" kama watu wengine. Alijibu "bado." Nilimuuliza siku moja bado nini. Akasema hajui, lakini mtu akisema poa asubuhi, mchana utamsuta.

Kwa miezi mingi hakunitaja jina. Aliniita Wewe wa Chuo. "Wewe wa Chuo, leta kiti." "Wewe wa Chuo, hii barua inasema nini, na haisemi nini?" Hilo la pili nililipenda. Mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu. Nyumbani walishanichoka, na chuoni mhadhiri mmoja aliniomba nimwachie angalau kipindi kimoja amalize. Katibu ndiye mtu mzima wa kwanza niliyekutana naye ambaye maswali yangu hayakumchosha. Yalimchosha majibu yangu.

Umaarufu wake Laini Saba haukutokana na ushirika wala sare. Ulitokana na vyumba. Mtu akitaka kukodisha chumba alipita kwanza kwake, na ushauri ulikuwa mmoja kila mara: usimuulize anayeishi pale, muulize aliyehama. Anayeishi, alisema, atasifu. Atasifu kwa sababu ameshalipa, au kwa sababu ya haya, au anataka jirani wa kulowa naye mvua ikinyesha. Aliyehama hana cha kutetea. Nimeshuhudia akimtuma mwanamume na mkewe mjamzito watembee kutoka Laini Saba hadi Kawangware, kumtafuta fundi viatu aliyekuwa ameishi kwenye chumba walichokipenda. Walirudi jioni, miguu imejaa vumbi, wakasema hawakitaki tena. Katibu hakuuliza kwa nini. Aliendelea kukata kola.

Aliwafundisha wapangaji pia kujua kipi chao na kipi cha mwenye ploti. Balbu ni yako, kufuli ni yako, karatasi ya plastiki uliyobandika ukutani kuzuia vumbi ni yako, hata misumari ukipenda. Siku ya kuhama watu wa pale huingia chumbani kwa mara ya mwisho na kufungua balbu, na anayeiacha huonekana amekimbia. Alisema mlango mzuri ni ule unaofunguka kutoka ndani.

Na bado, yeye mwenyewe hakuhama. Muda wote niliomjua Laini Saba alikaa chumba kilekile, bati linavuja juu ya cherehani, sufuria iko pale kupokea matone. Nikamwambia kwamba haiwezekani mshauri wa kuhama wa mtaa mzima aishi namna ile. Akasema bado anachunguza.

Alikuwa na upungufu mwingine, na sitauficha. Alimchukia mtu yeyote aliyevaa kitambulisho shingoni. Alihudhuria kila onyesho la mauzo ambalo kampuni zilituandalia, hata lile asiloalikwa, na alitoka na sambusa zimefungwa kwenye karatasi ya shashi kwa ajili ya majirani. Aligombana nami wiki mbili kuhusu picha za mafundi. Mimi nilitaka nyuso, yeye alitaka mikono tu, eti mteja ananunua mkono. Nilimwambia mteja anataka kumjua anayemfungulia geti. Tukajaribu zote mbili kwa mafundi wachache, na waliokuwa na nyuso ndio waliopigiwa simu. Alikubali kwa kusema kwamba nyuso za wale wachache zilikuwa nzuri kupita kawaida. Halikuwa kweli. Mmoja wao alikuwa mwenyekiti wetu, seremala, na hata mkewe hadai hivyo.

Lakini onyesho moja sitalisahau. Kampuni iliyouza jukwaa la kwanza, lile lililoongoza kwa rangi ya kijani kwenye jedwali langu, ilimtuma kijana mwenye viatu vilivyochongoka na sauti ya kupendeza. Kwa saa nzima alitupitisha kwenye mambo mazuri. Unavuta picha unaiweka hapa, ukurasa unajipanga wenyewe. Unabonyeza, lugha inabadilika. Wanakamati walishangilia kama watoto kwenye mazingaombwe, na mimi nilitabasamu kama niliyeyabuni. Katibu akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola.

"Kijana, asante. Umetuonyesha sebule. Choo kiko wapi?"

Kijana akaelekeza kidole kwenye kichochoro. Mwenyekiti akacheka hadi akakohoa. Katibu hakucheka. Alifafanua kwa upole kwamba anataka kuona pale mambo mabaya yanapotokea: mtandao ukikatika katikati ya oda, fundi akifa, fundi akigombana na ushirika, kampuni yenyewe ikifungwa. Kijana alisema hayo ni maswali mazuri sana na kwamba angerudi na majibu. Halafu Katibu akamwomba jina la mteja mmoja aliyewahi kuliacha jukwaa hilo. Kijana alikuwa na orodha ndefu ya wateja wenye furaha. Aliyeondoka hakuwa naye hata mmoja, na alilisema hilo kama sifa.

Mimi nililiona kama sifa pia. Kutoka mkutanoni nilimwambia Katibu amemwaibisha mtu bure. Jukwaa la kampuni kubwa, nilimweleza, lina wahandisi wanaolilinda usiku na mchana. Jukwaa la pili, la kampuni ya hapa Nairobi, lilikuwa rahisi lakini lilikuwa la watu watatu. La tatu lilikuwa mfumo huria: mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuusimika kwenye mtambo wake, ila ukiharibika ni wewe na Mungu wako. Nani mwenye akili angechagua la tatu? Katibu akasema hajui, yeye ni mshonaji. Kisha akaongeza kwamba katika vile vyumba vyote alivyochunguzia watu, hajaona mwenye nyumba anayeonyesha choo bila kuulizwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kampuni ilitupa miezi miwili ya kulijaribu jukwaa bila malipo. Kamati ilikuwa bado haijaamua, lakini mimi nilikuwa nimeamua. Nikaenda Kawangware 46, mtaa unaoitwa kwa namba ya matatu zake, kwa mafundi wa milango na makochi, nikawaandikisha mmoja mmoja, na wateja wao wote, vipimo vyote, picha zote. Nilitaka siku ya uamuzi kamati ikute kitu kinachopumua. Mafundi wale walikuwa na daftari. Kila mmoja alikuwa na lake, limejaa mafuta na majina, na niliyaona kuwa adui. Nikawaambia madaftari yamepitwa na wakati, kila kitu sasa kiko humu, hamyahitaji tena.

Waliniamini. Hilo ndilo sikulitarajia, maana mimi mwenyewe simwamini mtu hivyo. Mchomeleaji mmoja, mtu mkubwa mwenye miwani myeusi juu ya paji, alinikabidhi lake mkononi nilitupe. Mtengeneza makochi alilitoa kwa mama wa mandazi jirani, na kwa siku kadhaa watu wa 46 walikula mandazi yaliyofungwa kwa vipimo vya makochi ya watu.

Wiki ya kuweka sahihi ilipofika, Katibu alitaka jambo moja tu.

"Watoe hawa wa Kawangware wote. Wahamishe waende kwingine, nione."

Nilimwambia ni kazi ya dakika kumi. Sheria za jukwaa zilisema akaunti ya majaribio ikitaka kuchukua kila kitu chake, sharti ifungwe kwanza, kisha faili hutumwa. Nilisoma mstari huo. Nataka ieleweke kwamba niliusoma. Nikabonyeza kufunga, mbele yake, kwa kidole kimoja, nikijua kabisa ninachofanya.

Faili likaja jioni hiyo. Majina ya wateja yalikuwa peke yake. Vipimo vilikuwa peke yake. Picha zilikuwa peke yake, kila moja imepewa namba ndefu badala ya jina. Kilichokosekana ni uzi uliounganisha mtu na mlango wake, na uzi huo, niliambiwa na kampuni kwa barua pepe yenye adabu, ulikuwa mali ya jukwaa. Akaunti iliyofungwa ilikuwa imefutwa siku ileile, kwa faida ya usiri wetu. Kuhamisha kikamilifu kulikuwepo, walisema, kwa wateja walioweka sahihi, kwa makubaliano maalumu. Umewaona watu baada ya moto, kila mmoja amesimama na furushi lisilo lake? Hivyo ndivyo lilivyokuwa.

Nilikwenda Laini Saba kumwambia. Nilitembea, na nilikuwa nimetunga hotuba nzima njiani. Nilipofika nilisema tu kwamba madaftari hayapo tena, na kwa nini hayapo. Mguu wake ukasimama juu ya pedali ya cherehani.

"Wewe ndiye uliwaambia watupe?"

"Ni mimi."

"Na waliitikia?"

"Waliitikia."

Alivunja uzi kwa meno. "Basi kesho tuamkie Kawangware. Vaa viatu vya kutembea, hivyo ni vya ofisi."

Kulikuwa na milango iliyokwisha kuchomelewa ikisubiri wenyewe, makochi nusu, mageti ambayo watu walikuwa wamelipia nusu na kuzima simu hadi mwisho wa mwezi. Fundi akimpelekea mtu geti lisilo lake, amekwisha mtaani. Nilikuja na kompyuta na mbinu ya kulinganisha tarehe. Haikusaidia, kwa sababu mafundi walikuwa wameniletea wateja wao wote kwa mkupuo, na tarehe zote zilikuwa zangu. Nilikuwa nimewapa pia sehemu ya kuandika anwani ya mteja, nao karibu wote waliandika "46, karibu na stage," yaani kituo cha matatu, kwa hiyo kwenye ramani nusu ya Nairobi ilikuwa inaishi kwenye nukta moja.

Katibu alivuta kigoda akaketi mbele ya yule mchomeleaji. Mimi nilikuwa nimeanza kwa kumuuliza hiki kipimo ni cha nani, naye alikuwa ametikisa kichwa mara kumi mfululizo. Katibu hakutaja jina la mtu. Aliniambia nisome kipimo, kisha akamuuliza fundi: huyu alilalamika nini?

"Saba kwa tatu, kidirisha juu," nikasoma.

Mchomeleaji akafumba macho. "Huyo alisema maroon ni rangi ya baa. Maze, alinirudisha duka la rangi mara mbili. Mwalimu, ni wa huko Ayany."

"Kumi kwa saba, mishale juu."

"Huyo anataka mishale ielekee ndani, isiwachome wapita njia. Nikamwambia mathe, mwizi anatoka nje. Mama wa kanisa."

Ikaendelea hivyo siku nne, karakana kwa karakana. Fundi humsahau aliyemsifu. Aliyemlalamikia hamsahau, anamkumbuka na kipimo chake, na mbwa wake, na jinsi alivyoshika kiuno. Mimi nilichapa. Mafundi walibishana, walitaniana, mmoja alikumbuka mteja wa mwenzake kwa sababu alikuwa amejaribu kumwiba. Watengeneza makochi walikumbuka kwa vitambaa. Tuliwarudishia wateja karibu wote milango yao. Geti moja halikupata mwenyewe kabisa, na mchomeleaji aliliegemeza ukutani na kumngoja mtu huyo aje kulalamika.

Katika siku zote nne Katibu hakunigombeza. Nilingoja. Ningependa angenigombeza, ningejua pa kuweka mikono. Siku ya mwisho, tukinywa chai na mayai kwenye kibanda, nikamuuliza mwenyewe kama hana la kuniambia. Akasema analo.

"Wewe unauliza kila mtu. Siku ile hukujiuliza."

Kisha akaomba chumvi ya mayai.

Kamati ilikutana Jumamosi iliyofuata, katika ofisi yetu ya chumba kimoja karibu na Ayany. Niliambiwa ningoje nje. Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima, nikisikia sauti zikipanda na kushuka bila kushika maneno, na nilikuwa na barua ya kujiuzulu kwenye mkoba ili wasipate taabu ya kunifukuza. Nilipoitwa, hakuna aliyenitazama kwa ukali. Mwenyekiti alisema jukwaa la kwanza limeondolewa, na kwamba nitengeneze jedwali jipya lenye mstari wa kuhama juu kabisa. Nikauliza kama ningali na kazi. Akaonekana kushangaa, akasema nani amesema sina? Nilimtazama Katibu. Alikuwa na pini mdomoni.

Tulichagua la tatu, mfumo huria. Sitasema lilikuwa bora. Lilituchukua muda mara mbili, lilianguka wiki ya kwanza ya kufungua shule wakati sare zinaagizwa, na mara mbili nimelilaani kwa sauti. Lakini nililijaribu mwenyewe kabla ya kumweka mtu hata mmoja ndani: niliingiza mafundi watano wa kubuni, nikawatoa, nikawapeleka kwingine, nikawakuta na milango yao. Na kabla ya hapo nilimtafuta mtu aliyewahi kuliacha. Alikuwa na malalamiko mengi na makali, lakini alikuwa ametoka na vitu vyake vyote.

Uchaguzi wa mwaka uliofuata Katibu hakugombea. Alisema miguu imechoka. Tulimfanyia soda na keki, akapewa kanga na hotuba, na mtu mwingine akachukua kitabu cha kumbukumbu. Niliona ni sawa; alikuwa ameshika kazi ile muda mrefu. Muda si muda akahama kweli, akaenda Kawangware, chumba cha ghorofa ya chini chenye maji.

Nilimtembelea mwaka huu. Siku hizi nafanya kazi kwenye shirika kubwa lenye kamati nyingi, na wanataka tovuti ya kurasa zisizohesabika, na wauzaji wanakuja na viatu vilivyochongoka kuliko vya yule kijana. Nilitaka kumwambia kwamba swali lake ndilo ninaloanza nalo kila mkutano, na kwamba limewahi kunyamazisha chumba cha watu wenye shahada tatu. Nilitaka kumshukuru vizuri, maana sikuwahi.

Alikuwa anatia vifungo. Hakunitambua mara moja, halafu akasema, "Ah. Wewe wa Chuo," akanipa mkasi nimsaidie kufumua mshono. Nilipoanza shukrani zangu alinikatiza kuuliza kama nimeolewa, kama mama hajambo, kama wale watu wangu wakubwa wananilipa kwa wakati. Nikamsifia chumba. Akasema kina majirani wa kelele, nisikipende haraka. Nikarudi kwenye shukrani, nikamwambia bila yeye ningefukuzwa kazi ile na pengine nisingepata nyingine. Akainua kitambaa kwenye mwanga akatafuta kosa. Akasema nifumue taratibu, nitachana.

Nilipotoka nilimkuta yule mchomeleaji wa miwani myeusi barabarani, tumbo limeongezeka, akanisindikiza hadi stage. Siku ile ya kikao, nilipongoja kwenye benchi, yeye alikuwa ndani, akiwawakilisha mafundi wa 46. Nilimwambia nimetoka kwa Katibu na kwamba nasikitika aliacha kazi kwa ajili ya miguu. Akasimama. Akaniuliza kama kweli sijui. Kisha akanieleza kwamba kabla sijaitwa ndani, Katibu aliwaambia wanakamati kuwa ni yeye aliyenituma niwaambie mafundi watupe daftari, kwamba mimi nilikataa naye akanilazimisha, na kwamba walimkubalia nibaki kwa sharti moja: asigombee tena.